Jipu la titi linalorudi mahali pale pale ingawa sinyonyeshi

Ameuliza: Mama wa Mji Kasoro Bahari, Morogoro

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Nina umri wa miaka 36, ni mama wa watoto wawili, na kitinda mimba wangu aliacha kunyonya miaka mitano iliyopita. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu kila ninapokwenda kutibiwa huulizwa kwanza kama ninanyonyesha, na nikijibu kwamba sinyonyeshi, anayenihudumia hushangaa kidogo, kisha huniandikia dawa zile zile na kuniambia nirudi nisipopata nafuu.

Tatizo langu liko katika titi la kushoto, kwenye ukingo wa duara jeusi linalozunguka chuchu. Huanza kwa maumivu ya kuchomachoma upande mmoja, kesho yake mahali hapo panakuwa pagumu na pa moto, joto la mwili linapanda, na siku chache baadaye jipu limekwisha kutunga. Jipu la kwanza lilipasuka lenyewe nyumbani. La pili lilipasuliwa katika hospitali moja hapa mkoani, kidonda kikawekwa gozi na kusafishwa kila siku mpaka kikaziba, nami nikaamini kwamba nimepona. Halikupita muda mrefu likatunga tena juu ya kovu lile lile. Tangu hapo maisha yangu yamekuwa ya kumeza dawa, kupata nafuu, kukaa miezi kadhaa bila maumivu, halafu kuanza upya. Chuchu ya upande huo, ambayo zamani ilisimama vizuri, sasa inavutwa ndani na ina mfinyo uliolala katikati, na siku nyingine hutoa uchafu mzito wa rangi ya majivu wenye harufu mbaya.

Sivuti sigara, na sina ugonjwa mwingine ninaoujua. Nyumbani kila mtu ana maelezo yake. Mama mkwe wangu, ambaye ananipenda na anahangaika nami sana, anaamini kuwa ni chango, na hunikanda kwa majani ya moto na kulichua titi kwa chanuo kama wanavyofanyiwa wanawake waliotoka kujifungua. Mume wangu hasemi mengi, lakini najua kwamba anawaza saratani, na mimi mwenyewe ndilo wazo linaloniamsha usiku.

Naomba kuelimishwa na wenye ujuzi au waliopitia hali hii. Kwa nini jipu linarudi mahali pale pale? Ni vipimo gani ambavyo nina haki ya kuviomba? Na je, nikubali kupasuliwa tena likitunga, au kuna njia nyingine?

Amejibu: Tabibu wa Upasuaji

Pole sana, dada yangu. Mimi ni daktari wa upasuaji katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Siwezi kukupa jina la ugonjwa bila kukuona na kukupima, lakini maelezo yako yanafanana sana na hali ambayo mirija ya maziwa iliyo chini ya chuchu huvimba na kuambukizwa kwa mwanamke asiyenyonyesha. Si ugonjwa wa ajabu. Daktari Zuska na wenzake waliueleza mwaka 1951, na hadi leo wako madaktari wanaouita kwa jina lake. Kinachosikitisha ni kwamba hutibiwa kama majipu mengi yasiyohusiana, kila moja na dozi yake, wakati ni ugonjwa mmoja ambao haujawahi kutibiwa hadi mwisho.

Mirija ya maziwa hufunguka kwenye kilele cha chuchu. Sehemu fupi sana ya mwisho ya kila mrija imefunikwa kwa ndani na seli zinazofanana na za ngozi ya nje, na kuanzia hapo kuingia ndani mrija una utando laini. Kwa baadhi ya wanawake utando ule laini hubadilika na kuwa wa aina ya ngozi, ukaanza kutoa keratini, ambayo ndiyo protini inayounda kucha na nywele. Keratini hiyo hujikusanya na kuziba mrija, ute unarundikana nyuma yake, mrija unatanuka na hatimaye unapasuka chini ya lile duara jeusi. Yaliyomo yakimwagika nje ya mrija, mwili huyapiga vita kama kitu kigeni, na bakteria hupata mahali pa kustawi. Ndipo linapotokea jipu. Ukilipasua, usaha unatoka na maumivu yanapungua kweli, lakini mrija ulioharibika na kizibo chake vimebaki ndani, na ndiyo sababu jipu linalofuata hutunga pale pale. Chuchu kuvutwa ndani kwa mfinyo uliolala, pamoja na uchafu mzito unaonuka, ni dalili zinazoelekeza huko, ingawa chuchu yoyote iliyoanza kuvutwa ndani ukubwani lazima ichunguzwe kwa sababu saratani nayo hufanya hivyo.

Uvutaji wa sigara ndicho kichocheo kinachofahamika zaidi, kwa kuwa wagonjwa wengi wa aina hii huwa ni wavutaji, na wanaoendelea kuvuta baada ya matibabu hurudiwa zaidi kuliko walioacha. Wewe huvuti, kwa hiyo tutafute kwingine. Pima sukari. Kisukari ambacho mtu hajakijua hujitokeza mara nyingine kwa majipu yasiyokwisha, na hakuna dawa ya bakteria itakayofanya kazi vizuri sukari ikiwa juu. Kipimo cha VVU nacho kina maana kwa mtu mwenye maambukizi yanayorudi, na hakina tuhuma yoyote ndani yake. Mweleze daktari pia kama umewahi kupata majipu kwapani, kinenani au chini ya matiti, maana upo ugonjwa wa ngozi unaoshambulia maeneo hayo, na matibabu yake ni tofauti.

Kuhusu dawa, jipu la anayenyonyesha mara nyingi husababishwa na bakteria anayeitwa Staphylococcus aureus, na kloksasilini au flukloksasilini humfaa. Kwa asiyenyonyesha, pamoja na huyo hupatikana bakteria wanaoishi pasipo na oksijeni, ambao ndio wenye ile harufu mbaya. Kwa hiyo kloksasilini peke yake mara nyingi haitoshi, na sisi huchagua amoksisilini iliyochanganywa na klavulaneti, au tunaongeza metronidazoli juu ya dawa nyingine. Nakueleza haya ili uweze kumuuliza daktari wako, wala si ili uende duka la dawa kununua mwenyewe. Kama penisilini inakudhuru mwambie mapema, na kama kuna uwezekano wa ujauzito useme, kwa sababu baadhi ya dawa mbadala hazifai kwa mjamzito.

Sasa nijibu swali la kupasuliwa, na hapa naomba unisome kwa makini. Jipu la eneo hilo, ngozi ya juu ikiwa bado nzima, linafaa kunyonywa kwa sindano nene baada ya ganzi, huku daktari akiangalia kwa ultrasaundi, kisha mgonjwa arudi kila baada ya siku mbili au tatu anyonywe tena hadi usaha uishe. Kisu kinatumika pale ngozi imekuwa nyembamba sana au imekufa, na hata hapo tundu dogo linatosha. Sababu ni kwamba majipu ya ukingo wa chuchu yakipasuliwa, takribani theluthi moja huacha tundu la kudumu linalounganisha mrija na ngozi, yaani fistula, na tundu hilo huziba na kufunguka, kuziba na kufunguka. Jipu linalotunga juu ya kovu lako lanifanya nifikirie hilo.

Usaha unaotolewa usimwagwe bure. Uombe upelekwe maabara ukaoteshwe ili ijulikane ni bakteria gani na dawa gani inamuua, na upimwe kifua kikuu pia. Ultrasaundi ya matiti yote mawili na makwapa ni ya lazima. Panapobaki ugumu baada ya usaha kwisha, kichukuliwe kinyama kwa sindano na kupelekwa kwa mtaalamu wa patholojia, anayekichunguza kwa darubini. Ipo aina ya saratani inayoanza kwa titi kuvimba, kupata joto na ngozi kuwa na vishimo vidogo vidogo, nayo huenda haraka ndani ya wiki chache, mara nyingi bila homa. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani waziwazi, bali ngozi hukolea, hung'aa au huelekea zambarau, na ndiyo maana daktari anayetafuta wekundu wa vitabuni anaweza kuukosa. Kanuni tunayoifuata ni kwamba titi lisilopata nafuu ya wazi ndani ya wiki moja hadi mbili za dawa sahihi huchukuliwa kinyama. Hali yako ya kupona na kurudi kwa muda mrefu haifanani na aina hiyo ya saratani, lakini kutofanana hakutoshi. Unastahili karatasi ya maabara inayosema hivyo.

Amejibu: Mwalimu wa Nakuru

Dada, pole, na shukrani kwa daktari kwa maelezo ambayo ningeyahitaji sana wakati wangu. Ninaongeza habari zangu kwa sababu ugonjwa wangu ulianza kama wako kwa macho ya watu, kumbe ulikuwa mwingine kabisa, na bila kinyama usingejulikana.

Kwangu uvimbe ulianzia mbali na chuchu, sehemu ya juu kuelekea kwapa, ukiwa mgumu na mkubwa. Ulipewa dawa za bakteria, ukawa hausikii. Baadaye ngozi ikafunguka matundu zaidi ya moja, yakawa yanatoa maji ya manjano na usaha. Kitu kilichowachanganya wote ni kwamba katika wakati huo huo nilitokwa na vivimbe vyenye maumivu makali mbele ya miguu, na vifundo vikavimba hata nikashindwa kusimama darasani. Nilitibiwa miguu mahali pamoja na titi mahali pengine, kila upande ukiwa haujui habari za mwenzake.

Kinyama kilipochukuliwa, jibu lilionyesha vinundu vya uvimbe ambavyo huonekana pia katika kifua kikuu. Kwa nchi zetu, jibu la namna hiyo huwafanya madaktari wengi waelekee kwenye kifua kikuu, na si jambo la kuwalaumu, kwa kuwa ugonjwa huo ni mwingi kwetu. Hata hivyo daktari wa upasuaji wa matiti niliyepelekwa baadaye aliomba sampuli ile ile isomwe tena na kupimwa vimelea vya kifua kikuu na vya fangasi, na vyote havikuonekana. Ndipo nilipoelezwa kwamba upo uvimbe wa vinundu wa titi usiojulikana chanzo chake, uliotambuliwa kama ugonjwa wa peke yake mwaka 1972, ambao huwapata zaidi wanawake waliozaa katika miaka ya karibuni, na ambao ukitazamwa kwenye ultrasaundi au mamografia, yaani eksirei ya matiti, huweza kufanana na saratani. Vile vivimbe vya miguuni vilikuwa sehemu ya ugonjwa huo huo.

Nilipewa prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, kwa miezi, dozi ikipunguzwa polepole, baada ya kuhakikishwa kwamba sina kifua kikuu, kwa sababu dawa hiyo hushusha kinga na ingeweza kukiamsha. Sukari na presha vilipimwa kila mara. Uso ulinivimba na usingizi ulinipotea, lakini titi lilianza kulainika. Wapo wanaopewa methotrekseti, dawa nyingine ya kushusha kinga, ambayo mwanamke hapaswi kabisa kushika mimba akiitumia, na wapo ambao madaktari huwafuatilia tu bila dawa nzito, maana ugonjwa huu kwa wengi hufifia wenyewe, ingawa unaweza kuchukua mwaka au hata miwili. Upasuaji mkubwa haukupendekezwa kwangu, kwa kuwa kidonda kingeweza kukataa kupona na ugonjwa ukarudi pembeni yake.

Umeuliza kuhusu tiba, lakini niruhusu niseme pia kuhusu kuishi, kwa sababu miezi ile ilikuwa mirefu. Sidiria zenye vyuma niliziweka kando nikavaa za pamba laini zisizobana, na ndani yake niliweka gozi safi niliyoibadilisha wakati wa mapumziko ya saa nne na ya mchana. Nilibeba leso ya ziada na blauzi nyeusi katika mkoba. Nilimweleza mwalimu mkuu kwa ufupi kwamba nina kidonda kinachotibiwa, nikapangiwa vipindi ambavyo havikunilazimu kuandika juu ubaoni kwa muda mrefu, kwa kuwa kuinua mkono kuliniumiza. Ugonjwa wa titi una upweke wa pekee, kwani huwezi kuuonyesha kwa mtu, na unaonuka kidogo hukufanya ujitenge hata na watoto wako. Mtafute mtu mmoja wa kike unayemwamini, umwambie yote bila kuficha.

Na kila jibu unalopewa, la ultrasaundi, la kuotesha usaha au la kinyama, omba nakala na uiweke kwenye bahasha yako mwenyewe. Daktari wangu wa mwisho aliweza kuunganisha mambo kwa sababu karatasi zote zilikuwa mbele yake kwa mpangilio wa tarehe.

Amejibu: Mkazi wa Mwanza

Naongeza kwa ufupi upande wa pili wa alichosema Mwalimu. Shangazi yangu alikuwa na kidonda cha titi kisichopona na tezi zilizovimba kwapani, hana kikohozi, na eksirei ya kifua ilikuwa safi, hivyo hakuna aliyewaza kifua kikuu mpaka kinyama kilipochukuliwa. Alimeza dawa kwa miezi sita, ambazo hutolewa bila malipo, na kidonda kilifunga. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba huwezi kuwa na kifua kikuu cha titi kwa sababu tu hukohoi.

Ameandika tena: Mama wa Mji Kasoro Bahari

Nimewasoma nyote na nimemsomea mume wangu kwa sauti, jambo ambalo sikutegemea kwamba ningeweza kulifanya. Mungu awabariki. Nilikwenda kupima sukari, na imeonekana iko juu kuliko inavyotakiwa. Nimeambiwa nirudi asubuhi bila kula ili kipimo kirudiwe.

Nina maswali yaliyobaki. Kwa sasa titi limetulia, halina usaha, ila kuna kamba ngumu ninayoipapasa chini ya kovu. Je, niende hospitali sasa wakati siumwi, au nisubiri litunge ili waone? Pili, tulikuwa tunafikiria mtoto wa tatu. Upasuaji wa mirija ungeniacha bila uwezo wa kunyonyesha? Tatu, nimwambie nini mama mkwe kuhusu majani na chanuo bila kumvunjia heshima?

Amejibu: Mwana wa Kisauni, Mombasa

Salamu dada. Nitajibu la upasuaji, maana mimi nimelipitia. Yangu ilikuwa fistula hasa: tundu dogo kwenye ukingo wa duara jeusi, likitoa kitone cha usaha kila mara, halafu likiziba na titi kuwaka moto. Nilikuwa nikivuta shisha miaka mingi, na daktari aliponiuliza alinieleza kwamba moshi wa tumbaku ni tumbaku hata ukipita kwenye maji, na kwamba hangependa kunipasua kabla sijaacha, kwa sababu kidonda cha mvutaji hupona kwa shida na ugonjwa hurudi. Nawaandikia hili na wengine wanaosoma, kwani huku Kenya shisha ilipigwa marufuku Desemba 2017 lakini bado wako dada zetu wanaovuta majumbani wakidhani haina uhusiano na matiti.

Walinipasua wakati hakuna usaha. Nilipewa nusukaputi, wakapitisha kijiti chembamba kwenye tundu la ngozi hadi kilipotokea kwenye chuchu, kisha wakaondoa njia yote ile pamoja na mrija wake mgonjwa, nikiwa katika dawa za bakteria. Kinyama kilichotolewa kilipelekwa maabara, na majibu hayakuonyesha saratani. Hisia ya chuchu upande mmoja imepungua na haikurudi yote, na umbo limebadilika kidogo; haya niliambiwa kabla, nikayakubali kwa hiari yangu. Usaha haujarudi.

Kuhusu mume, wangu alikuwa anaogopa kuligusa titi na mimi nilidhani ananichukia. Niliomba aingie nami chumbani kwa daktari, na alipoambiwa kwamba ugonjwa huu hauambukizi kwa kugusana wala hautokani na jambo lolote baya nililolifanya, alilia. Mwombe wako aende nawe, kwa kuwa kuna maswali ambayo hatayauliza kupitia kwako.

Amejibu: Tabibu wa Upasuaji

Dada yangu wa Morogoro, nenda sasa, usisubiri. Hili la wakati ndilo linalonisumbua zaidi katika kazi yangu: mama anapokuja na jipu tunalazimika kutoa usaha na kutuliza maambukizi tu, halafu akipata nafuu hatumwoni tena hadi jipu linalofuata. Upasuaji wa kuondoa mrija hufanyika titi likiwa limetulia, na kinyama huchukuliwa vizuri zaidi bila usaha. Ile kamba unayoipapasa chini ya kovu huenda ndiyo njia ya fistula yenyewe, na ultrasaundi ikifanywa sasa inaweza kuionyesha.

Omba barua ya rufaa iandikwe kwamba una jipu la titi linalojirudia mahali pamoja kwa mwanamke asiyenyonyesha, na kwamba chuchu imevutwa ndani. Maneno hayo hubadilisha uzito wa barua. Kwa hapo ulipo unaweza kupelekwa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Wenzetu wa Kanda ya Ziwa wana hospitali ya Bugando, Mwanza, na wa Kaskazini wana hospitali ya KCMC, Moshi. Kabla ya upasuaji wowote wa kupangwa sukari yako lazima iwe imedhibitiwa, kwa hiyo kipimo cha asubuhi usikikose. Sukari hiyo ikithibitishwa, huenda ikatueleza sehemu ya sababu ya kurudi kwa majipu haya, na matibabu yake yaanze mara moja bila kusubiri habari za titi.

Kuhusu mtoto wa tatu, wapo tunaowaondolea mrija mmoja tu ulio mgonjwa, na wapo wanaohitaji kuondolewa mirija yote mikubwa iliyo chini ya chuchu. Katika upasuaji wa mirija yote titi hilo halitanyonyesha tena. Katika ule wa mrija mmoja uwezo unaweza kubaki kwa kiasi. Titi la kulia litabaki na uwezo wake, na mtoto anaweza kulelewa vizuri kwa titi moja. Mweleze daktari mpango wenu kabla hajaamua, kwa sababu unaweza kubadilisha aina ya upasuaji au wakati wake.

Mama mkwe wako mwambie kwamba daktari amekataza kuchua na kukamua, kwa sababu mrija uliopasuka ukikandamizwa humwaga uchafu zaidi ndani ya nyama na jipu hupanuka. Chanuo hutumiwa ili maziwa yaliyoganda ya mzazi mpya yatoke, na hapa hakuna maziwa ya kutoka. Kitambaa safi kilicholowekwa maji ya uvuguvugu kinaruhusiwa, kwa muda mfupi, kama kinakupunguzia maumivu, na mwombe yeye ndiye akuandalie. Majani yaliyochemshwa yasiwekwe juu ya ngozi iliyofunguka, na maji ya moto sana yataiunguza ngozi ambayo tayari ni nyembamba.

Kama kabla ya siku ya miadi titi litavimba tena, piga simu au nenda siku hiyo hiyo ungali na ngozi nzima juu ya uvimbe, uombe sindano na ultrasaundi kabla ya kisu. Ukiona homa kali yenye kutetemeka, weusi au zambarau unaosambaa haraka kwenye titi, kizunguzungu, au kiu na mkojo mwingi pamoja na kutapika, usisubiri asubuhi. Nenda kitengo cha dharura usiku huo huo na uwaambie mara tu ufikapo kwamba sukari yako imeonekana iko juu.